Fundi Sikiliza na Mlima wa Mama Mkwe

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliofunga maduka asubuhi ya leo ili mje kumsindikiza mwenzetu: jina lake la cheti mnalo kwenye jalada la karatasi hizi, lakini tukilisoma hapa nusu yenu mtaanza kuulizana ni nani huyo. Basi tutamwita kama alivyoitwa, Fundi Sikiliza. Anayesoma ni mdogo wake wa kike, ambaye marehemu alimwita Kiherehere tangu hajaota meno, na ambaye kwa heshima ya siku hii atajitahidi kutolistahili jina hilo. Wasifu huu umeandikwa nyumbani, ukapelekwa kwa mjane wa marehemu, Mwalimu, naye akasahihisha tarehe mbili na kuongeza koma nne. Mengine yote ameyaruhusu yasomwe, hata yale ambayo Kiherehere alidhani atayakata.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1959, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa nne kutoka bombani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba yetu, mpiga kengele wa stesheni, na mama yetu, mshonaji. Mama alisimulia kwamba alikuwa mtoto wa kulia mpaka majirani wanagonga ukuta, na kitu pekee kilichomnyamazisha kilikuwa cherehani. Mama akikanyaga, kimya. Mama akisimama kukata uzi, kilio kinaanza upya. Mwaka ule mama alishona nguo nyingi kuliko mwaka wowote wa maisha yake, na si kwa kupenda. Mtoto alipofika miaka sita akamwambia, "Mama, cherehani inakohoa." Mama akamwambia aende akacheze. Siku ya pili mkanda ukakatika katikati ya gauni la bibi harusi, na tangu hapo mama hakuanza kazi yoyote kabla ya kumwita mwanawe aje asikilize kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1967 hadi 1973. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa wa dirishani. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa na mopedi, ile pikipiki ndogo, iliyotoa moshi wa buluu kiasi kwamba akifika shuleni wanafunzi wa mstari wa mbele walikuwa hawamwoni. Siku moja, katikati ya somo la jiografia, kaka yetu akanyoosha mkono. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akifundisha mito, akafurahi kumwona amezinduka. "Ndiyo, uliza." Kaka akasema, "Mwalimu, unachanganya oili nyingi mno kwenye petroli." Alifagia uwanja wiki nzima. Lakini moshi ulikwisha wiki hiyohiyo, na mwalimu mkuu ndiye aliyemwandikia barua ya kuingia chuo cha ufundi, alikosoma kuanzia 1974 hadi 1976 na kupata cheti cha ufundi wa injini ndogo. Cheti hicho hakukitundika kamwe. Alikitumia kufungia spana zisipate kutu.

Mwezi Machi 1977 aliajiriwa katika karakana ya posta, kuangalia mopedi ishirini na mbili za wapeleka barua. Zilikuwa zimefungwa kiwandani zisikimbie: ndani ya njia ya hewa kulikuwa na kipete chembamba cha bati, kazi yake kuibana injini isipumue sawasawa. Fundi Sikiliza aliziangalia wiki ya kwanza, akazisikiliza wiki ya pili kwa kuweka ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini sikioni, na wiki ya tatu akavitoa vipete vyote ishirini na viwili akavitia kwenye kopo. Barua zikaanza kufika saa tatu asubuhi badala ya saa sita. Wapeleka barua wakawa wanashinda mgahawani, wameshamaliza kazi, miguu juu. Mkuu wa posta alipowakuta huko akaja karakanani amefura. "Wewe umefanya nini?" Kaka akamjibu, "Nimezitoa kamba shingoni, mzee." Aliandikiwa barua ya onyo. Ilimfikia haraka sana.

Tarehe 3 Februari 1992 alifungua karakana yake mwenyewe, chumba cha hatua tatu kwa tano, na ndiko alikofanya kazi mpaka siku ya mwisho. Wengi wenu mnakijua chumba kile. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Mabomba ya ekzosi yalining'inia ukutani, na chini yake palikuwa na ubao wenye plagi kuukuu za injini, kumi na tatu, zilizopangwa kwa rangi. Akija mteja kulalamika kwamba pikipiki yake haina nguvu, alichukua spana. Alifungua plagi, akaipeleka kwenye ubao, akaitafutia ndugu zake. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini inaungua. Ikiwa nyeusi, petroli inazidi na injini inazama. Aliyoipenda ilikuwa ya kahawia, rangi ya ganda la mkate. Hapo alifuta mikono, akasema, "Sasa, sikiliza," na mteja, hata awe mtu mzima mwenye heshima zake, aliinama akasikiliza.

Chumba cha pili yake kilikuwa cha Fundi Saa, ambaye tunaye hapa leo. Kwa miaka thelathini na mmoja Fundi Saa alilalamika kwamba mtetemo wa zile injini unazifanya saa za wateja wake ziende mbele. Marehemu alimjibu kila mara kwamba basi wateja wako hawachelewi kazini, nishukuru. Walikunywa chai pamoja kila siku saa nne. Kama kuna watu walioelewana zaidi ya hao wawili, sisi hatujawaona.

Sasa tufike kwenye ndoa, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndoa ya marehemu haisimuliki bila mlima.

Mwaka 1984 aliingia posta mwalimu mmoja mwembamba wa hesabu, amebeba mwavuli, kuleta malalamiko: mpeleka barua anapita chini ya dirisha la darasa lake saa nne na robo kila siku, na kelele za ile mopedi zinaua kipindi cha sehemu. Fundi Sikiliza akatumwa akachunguze. Tundu la ekzosi aliliziba siku ya kwanza, kazi ya dakika kumi. Lakini alirudi kukaa chini ya lile dirisha siku tatu mfululizo, kuhakikisha. Siku ya nne Mwalimu akatoa kichwa nje. "Fundi, mbona leo hakuna kelele na wewe bado upo?" Kaka yetu, ambaye hakuwa mtu wa maneno, akasema, "Nasikiliza sehemu."

Jumapili ya tarehe 17 Februari 1985 alikwenda kujitambulisha kwa mama yake Mwalimu, aliyeishi juu kabisa ya mlima ulio nyuma ya shule, nyumba ya mlango wa kijani. Kuanzia chini hadi kwenye mlango ule kuna nguzo ishirini na tano za umeme. Alivaa shati jeupe. Alimpakia Mwalimu kwenye mopedi yake mwenyewe, ya injini ndogo kupita zote, ile ile mnayoijua, na akamwambia kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Shika vizuri. Mguu wako hautagusa ardhi mpaka mlangoni kwa mama."

Kwenye nguzo ya tatu, mlima unaposimama kama ukuta, injini ikaanza kuguna. Ikaguna, ikalia, ikakata tamaa. Mwalimu akashuka na viatu vyake vya kisigino. Mopedi ile ilikuwa na uwezo wa kumpandisha kaka peke yake bila shida, lakini naye alishuka, akaisukuma, wakapanda kwa miguu hadi juu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni tangu walipotokeza kwenye kona, ameona yote. Alimtazama mgeni aliyelowa jasho, akamgeukia binti yake. "Mwanangu, huyu kijana ndiye aliyekuleta, au wewe ndiye uliyemleta?"

Loo! Kaka hakulala siku ile. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1985, wakajaliwa watoto wawili, na kwa maisha yao yote ya ndoa walikwenda kwa mama kila Jumapili. Watoto walipandishwa na gari la mjomba wao. Wazazi walikwenda na mopedi, na kila Jumapili, kwenye nguzo ya tatu, Mwalimu alishuka. Ahadi ile ikamkaa kaka yetu kooni. Kazi ya Jumatatu hadi Ijumaa ilikuwa ya wateja. Jumamosi alifunga mlango wa karakana kwa ndani, akamwambia mkewe kwamba ana kazi ya mtu, kumbe ni yake. Alitaka siku moja amshtukize. Mwalimu aliijua siri hiyo tangu mwezi wa kwanza, kwa sababu mume gani anarudi kutoka kwenye kazi ya mtu akiwa na sura ya huzuni namna ile? Aliiita ile mopedi "mke mwenzangu", na Jumamosi jioni alimpokea mlangoni, "Mke mwenzangu hajambo?" Kaka alijibu kwamba hajambo, na akapitiliza kuoga.

Alifanya nini humo ndani? Aliweka kabureta kubwa. Akaweka ekzosi aliyoikunja mwenyewe, ikalia kama mbu aliyekasirika. Akapanua njia za moshi kwenye silinda kwa tupa ndogo, kidogo kidogo, miezi minne, akipuliza unga wa chuma na kupima kwa ukucha. Alikuwa na nadharia yake, nayo ni hii: mlima lazima ushtukizwe. Ukiufikia kwa mbio, utakuwa umeshafika juu kabla injini haijagundua. Kwa hiyo alitafuta mbio. Mwaka 1996 hata lile duara la meno la gurudumu la nyuma, sproketi, alilibadilisha akaweka dogo zaidi ili mopedi ikimbie. Na ilikimbia kweli! Kwenye barabara bapa aliwapita watu wenye pikipiki kubwa, shati limejaa upepo. Kisha akafika nguzo ya tatu. Kadiri mopedi ilivyozidi kuwa na mbio chini, ndivyo ilivyozidi kuwa goigoi mlimani, na kaka yetu, fundi wa mafundi, hakuona. Alikuwa amekwisha kujiambia kwamba bado mbio hazijatosha.

Mwaka 1994 ulikuwa mbaya zaidi. Alikuwa ameipunguzia injini petroli ili iwe kali, akasimama chini ya mlima, akafungua plagi, akaiona ya kahawia, rangi ya ganda la mkate. Akaridhika. Hata fundi mwanafunzi anajua kwamba plagi ya injini iliyotoka kwenye barabara bapa haikwambii habari za mlimani, lakini siku hiyo alikuwa na haraka ya furaha. Wakapita nguzo ya tatu. Wakapita ya nne! Kaka akapiga kelele, "Inapanda! Mwalimu, inapanda!" Kisha pakawa kimya kabisa. Pistoni ilikuwa imeungua, imetoboka tundu la kupitisha kidole gumba. Mwalimu akashuka, akajikung'uta sketi, akamwambia, "Leo tumeongeza nguzo moja. Haya, twende." Wakasukuma nguzo ishirini na moja zilizobaki.

Watu walimshauri. Kiherehere naye alimshauri, tena bila kuombwa. "Kaka, nunua pikipiki ya maana, mpandishe wifi, yaishe!" Alimtazama dadake kama aliyemtukana. "Pikipiki kubwa itampandisha mtu yeyote. Mimi nilimwahidi na hii." Haya. Kichwa kile kilikuwa kigumu kuliko kichwa cha silinda, na sote tuliokaa naye nyumba moja tunaweza kula kiapo.

Jumapili ya tarehe 14 Agosti 2022, kwenye nguzo ya saba, akiwa anaisukuma mopedi, Fundi Sikiliza alikaa chini katikati ya barabara. Alisema anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Daktari aliyempima, mama mmoja mwenye sauti ndogo na maneno machache, alisema moyo umechoka na umepanuka. Dawa zipo, atakula, ataendelea kufanya kazi za kukaa. Lakini kusukuma kitu chochote mlimani, basi. Kutembea mlimani, basi. Kaka akauliza, "Na kupanda nikiwa nimekaa juu ya mopedi?" Daktari akasema kukaa hakujamuua mtu.

Kuanzia siku hiyo Mwalimu alikwenda kwa mama yake kwa gari la kukodi, kwa kuwa mama alikuwa anakaribia miaka tisini na hakuna wa kumwachia Jumapili zake. Kaka alikataa kuingia kwenye gari. Alimsindikiza mkewe mpaka chini ya mlima kwa mopedi, akakaa kwenye kiti cha muuza magazeti, akamsubiri arudi. Kiherehere alimkuta pale Jumapili ya tatu, mikono magotini, anatazama juu. Akakaa naye. Kaka akasema, "Nikifa kabla, mwambie nilijaribu." Dadake akamjibu kwamba ana mdomo mchafu na kwamba amwambie mwenyewe. Kisha wote wawili wakawa wanatazama juu.

Hatujui kama Mwalimu aliyasikia hayo. Anachosema yeye ni kwamba usiku wa Jumapili ya tano alimwona mumewe amelala na viatu, akaona imetosha. Asubuhi alifungua sanduku lake la madaftari, akatoa karatasi moja iliyokunjwa, akaiweka mezani mbele ya kikombe cha mumewe. Ilikuwa hesabu. Uzito wa mopedi, uzito wa mtu mmoja, uzito wa watu wawili, mwinuko wa mlima kuanzia nguzo ya tatu, meno ya sproketi ya mbele, meno ya sproketi ya nyuma. Chini kabisa palikuwa na jibu lililopigiwa mistari miwili: meno 56.

Kaka alilitazama jibu, akatazama tarehe ya juu. "Hii ni ya mwaka themanini na nane."

"Ndiyo."

"Meno hamsini na sita. Unataka sproketi kubwa! Mopedi itakuwa haikimbii kabisa."

"Haitakimbia. Itapanda."

"Uliijua hii miaka thelathini na minne?"

"Jibu kamili lilikuwa meno hamsini na tano na nusu," alisema Mwalimu. "Nikakadiria."

Marehemu hakusema na mkewe siku mbili. Hasira zake mnazijua, zilikuwa ni kuosha spana. Aliziosha zote, akaosha na za Fundi Saa. Kuna wakati mtu anaumia zaidi kwa kuambiwa jibu kuliko kwa kukosa, na yeye aliumia, tena mbele ya mtu ambaye alikuwa anataka kumshtukiza. Siku ya tatu alikwenda duka la vipuri akaagiza sproketi ya meno hamsini na sita. Muuzaji akamuuliza kama ni ya kusagia nafaka.

Halafu akafanya jambo ambalo lilimgharimu. Alifungua mlango wa karakana, safari hii hakujifungia, akavua kila alichokiongeza. Silinda aliyoipanua kwa tupa miezi minne akaitoa, akaweka mpya isiyoguswa. Kabureta kubwa ikatoka, ndogo ikarudi. Ekzosi ya mbu ikaenda ukutani. Fundi Saa alikuja na kikombe chake, akakaa akimtazama. "Unabomoa nyumba uliyojenga mwenyewe," akamwambia. Kaka akasema, "Kumbe nilijenga kwenye kiwanja cha mtu." Alipoijaribu barabarani alipitwa na muuza maziwa kwa baiskeli, na yule bwana akapunguza mwendo ili amsalimie vizuri.

Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2022, saa tatu kamili asubuhi, Mwalimu alikaa nyuma ya mumewe. Chini alisimama Fundi Saa na saa yake ya kupimia mbio. Kiherehere alikuwa tayari nguzo ya tatu, amefika kwa miguu yake, moyo unamdunda utadhani yeye ndiye mgonjwa. Mopedi ikaja polepole, ikilia sauti nene, haina haraka hata kidogo. Ikafika nguzo ya tatu. Ikaguna. Mwalimu, kwa mazoea, akaanza kuinua mguu kushuka. "Tulia!" kaka akamwambia. "Sikiliza!" Na kweli, ile injini haikulia wala haikukata tamaa. Ikaukanyaga ule mlima jino kwa jino, ikapita ya nne, ya tano, ya saba ile. Kiherehere alikimbia nyuma yao mpaka pumzi zikamwisha kwenye nguzo ya tisa, akakaa kando ya barabara akalia kama mtoto, na haoni aibu kusema hivyo mbele yenu. Kuanzia nguzo ya tatu hadi mlangoni, kwa hesabu ya Fundi Saa aliyeweka mtu juu wa kumpungia kitambaa, zilikuwa dakika tatu na sekunde kumi na moja. Mguu wa Mwalimu haukugusa ardhi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na mkongojo wake. Aliwatazama wakizima injini, akaangalia jua, akawaangalia tena. Hakupiga vigelegele. Alisema, "Mbona leo mmewahi? Mmegombana?"

"Hatujagombana, mama," alisema Mwalimu. "Tumepanda na mopedi."

"Mimi nawajua mkija," alisema bibi yule. "Mnakuja mnaongea tangu kwenye kona. Leo mmeingia kimya kama wadai. Haya, ingieni."

Ndipo kaka yetu, pale pale kwenye mlango wa kijani, akamgeukia mkewe akamuuliza lile aliloshindwa kuliuliza siku zote zile. Kwa nini hukuniambia? Na Mwalimu akamjibu, maneno haya ameyaandika mwenyewe hapa ili yasikosewe: "Wiki nzima unaongea na injini. Nguzo ya tatu mpaka ya ishirini na tano ni dakika ishirini na tano, nazo zilikuwa zangu. Ningekupa jibu, zingebaki dakika tatu, tena umenipa mgongo."

Mama mkwe anasema Fundi Sikiliza alikaa kwenye kizingiti na kofia yake mikononi, akacheka, kisha akajifuta macho, kisha akacheka tena, na chai ikapoa.

Jumapili iliyofuata walipanda kama kawaida. Mopedi ikiwa na nguvu zake zote, ilipofika nguzo ya tatu ikanyamaza. Mwalimu akashuka. "Imezima?" akauliza. "Imezima," akajibu mumewe, na ufunguo ulikuwa tayari mfukoni mwake. Kutembea alikatazwa, basi walikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe ulio pembeni, dakika ishirini na tano kwa saa ya Mwalimu, wakaongea. Kisha mopedi "ikakubali" kuwaka na ikawapeleka wote wawili hadi juu. Ilizima pale pale Jumapili thelathini na moja mfululizo. Wapita njia walisimama kutoa msaada, na marehemu aliwaambia asanteni sana, tatizo nalijua.

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 11 Mei 2023, saa tisa alasiri, akiwa amekaa kwenye kiti chake karakanani, plagi ya mteja mkononi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, miezi kumi na moja na siku mbili. Fundi Saa ndiye aliyemkuta. Alikuja kuuliza mbona kimya. Daktari ametuambia hakuumia. Jumapili iliyotangulia alikuwa mlimani, na Mwalimu anatueleza kwamba siku hiyo waliongea hata wakapitiliza muda, mama akatuma mtu kuwatazama.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu, mke wake wa miaka thelathini na saba; binti, mpima ardhi; mtoto wa kiume, mpishi; wajukuu watatu, mmoja wao akiwa tayari anawaambia watu wazima wanyamaze wasikilize; mama mkwe, ambaye amesema alimkubali mkwewe tangu siku ile ya kwanza ila alitaka kumwona akijitahidi; ndugu wanne, akiwemo huyu Kiherehere; na rafiki yake, Fundi Saa, ambaye saa zake zote sasa zinakwenda sawasawa na hazimfurahishi. Mopedi haiuzwi. Tafadhali msimuulize mjane.

Familia inawashukuru nyote kwa kuja, kwa kupika, kwa kukesha na kwa kuchimba. Tangazo la mwisho ni la Mwalimu mwenyewe: Jumapili hii anakwenda kwa mama yake kama kawaida. Atapanda kwa miguu kuanzia nguzo ya tatu, saa tatu asubuhi. Anayetaka kumsindikiza aje, mradi asiwe na haraka na awe na la kuongea.

Mwenyezi Mungu amlaze kaka yetu mahali pema, na ampe utulivu alioitafutia kila injini iliyopita mikononi mwake.